Kabla Hujalibomoa Tembe la Babu pale Gulwe, Soma Hii Kwanza

Ukipanda treni ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, ukishaipita Kilosa mambo yanabadilika dirishani. Kijani kinapungua, mibuyu inaanza, ardhi inakuwa nyekundu. Hapo ndio unaingia Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Wengi wanapita huku wanachezea simu. Lakini kama una ndugu huku, unajua kuna mjadala unaowaka kila sikukuu watu wanaporudi nyumbani: tembe la babu tulibomoe au tulikarabati?

Mama anataka bati na matofali ya saruji, nyumba inayoonekana kutoka barabarani. Mjukuu aliyekulia mjini ameona picha za nyumba za udongo mtandaoni, zina mwanga, zina bustani katikati, na anasema, "Mama, hii si ndiyo ile ile ya babu?" Mama anacheka kwa uchungu. Yeye amelala mle. Anajua paa linavyovuja.

Wote wawili wana hoja, na ili kuwaelewa lazima turudi nyuma kidogo.

MJENGO WENYEWE ULIKUWAJE?

Tembe la Kigogo ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa bapa. Nguzo zinasimikwa ardhini, kati yake zinapitishwa fito, halafu kuta zinakandikwa udongo. Juu zinalazwa boriti, fito nyembamba, nyasi, kisha udongo unashindiliwa. Vyumba havikai peke yake. Vinazunguka ua wa wazi katikati, na usiku ng'ombe wanalala humo humo uani.

Kila kitu kina sababu. Dodoma inapata mvua kama milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo paa la mteremko mkali halikuwa lazima. Jua la mchana ni kali na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli. Udongo mnene unachelewa kupata joto na unachelewa kupoa, hivyo mchana ndani kuna ubaridi na usiku kuna joto. Hiyo ni AC isiyohitaji Luku.

Paa nalo lilikuwa na kazi. Mtama na uwele ulianikwa pale juu, na mlenda pia, ule unaokaushwa ili uliwe miezi ya kiangazi. Ukuta wa nje haukuwa na madirisha makubwa kwa sababu nyakati zilikuwa mbaya. Karne ya 19 Wagogo walikuwa wakivamiwa na majirani waliotaka mifugo. Ukifunga mlango mmoja, familia na ng'ombe wote wako salama.

WAGENI WALIVYOLIONA

Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilikatiza huku huku. Mpwapwa ilikuwa kituo cha kupumzika na kujaza maji kabla ya nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali. Baada ya hapo unaingia Ugogo, na watemi wa Kigogo walikudai hongo ndipo upite na unywe maji. Wazungu kama Burton, aliyepita 1857, na Stanley, mwaka 1871, waliandika juu ya matembe haya, na mara nyingi hawakuyasifia.

Ajabu ni kwamba tembe ndilo liliwahifadhi. Kule Kwihara, Tabora, Livingstone na Stanley walikaa pamoja kwenye tembe mwanzoni mwa 1872. Nyumba hiyo ilikarabatiwa baadaye na leo ni makumbusho. Kwa maneno mengine, tembe la mgeni maarufu likawa historia, tembe la babu yako likaitwa umaskini.

Kisha ikaja reli ya Wajerumani. Ilianza Dar mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na Gulwe ikawa stesheni. Treni ilileta bati na saruji.

OPERESHENI DODOMA

Pigo kubwa lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1971, baada ya ukame, serikali ilianzisha Operesheni Dodoma. Kaya za Wagogo zilikuwa zimetawanyika, kila moja karibu na shamba na malisho yake. Sasa zikatakiwa kukusanyika kwenye vijiji vya ujamaa, ili shule, zahanati na maji viwafikie. Viwanja vikapangwa kwa mistari, na nyumba ya kisasa ikawa ya tofali na mlango unaotazama barabara.

Tusiwe wanafiki. Shule na zahanati zilihitajika sana. Lakini tembe haliingii kwenye kiwanja cha mstari. Linataka nafasi, linataka zizi, linakua mtoto anapooa. Familia ilipohama, iliacha kuta na pia ua, pale ambapo bibi alisaga, watoto walicheza na zeze lilipigwa jioni. Ua ulipokwenda, na jioni ile ikaenda.

MAMA NAYE ANA HOJA

Sasa tumsikilize mama. Tembe lina matatizo ya kweli. Mchwa wanakula nguzo. Mvua kubwa ikija paa linalowa na kuwa zito, na linaweza kuanguka. Ndani kuna giza na moshi wa kuni unaoumiza macho. Na sakafu ya udongo inaficha papasi, wale wadudu wanaouma usiku na kuleta homa ya papasi. Anayesema "turudi kwenye asili" bila kutaja papasi hajawahi kulala kwenye tembe.

Isitoshe, tembe jipya linakula miti mingi, na Dodoma haina miti ya kuchezea. Mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Na watu wa Gulwe hawahitaji kuelezwa maji yanafanya nini kwenye ardhi tupu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi.

SASA TUNAFANYAJE?

Jibu lipo katikati. Francis Kéré, mbunifu wa majengo kutoka kijiji cha Gando, Burkina Faso, alijenga shule ya kijijini kwao, ikakamilika 2001, kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati aliliinua juu, likaacha nafasi ya hewa kupita chini yake. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya fani yake.

Ifikirie hiyo pale Gulwe. Kuta nene za udongo zibaki, ila zisimame kwenye msingi wa mawe ili maji na mchwa wasipande kirahisi. Bati liwekwe juu, lakini liinuliwe ili lisiwaoke watu, na maji yake yaingie kwenye tangi. Sakafu ipigwe saruji, papasi wakose pa kujificha. Madirisha yafunguliwe upande wa ua. Ng'ombe wapate zizi lao nje. Na pale walipolala ng'ombe, ambapo samadi imelala miaka na miaka, panda mti. Utastawi.

Mama anapata bati lake. Mjukuu anapata udongo wake. Na ua unabaki ua.

Kama huamini tembe lilikuwa na heshima, nenda Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, ukaone nyumba za jadi zilivyotunzwa, na watu wanalipa kiingilio. Lakini pale hakuna bibi anayeanika mlenda juu ya paa. Huyo yuko Gulwe, na anasubiri mpige simu mkubaliane kabla mvua za Desemba hazijaanza.