Mbwa wa jirani: toka kengele mpaka ukuta
Zamani mbwa wa mwindaji huku kwetu alivaa kengele ya mti shingoni. Porini ilimwongoza bwana wake. Kijijini watu walisikia tu, wakajua ni wa nani anapita. Akiuma mbuzi, wazee walijua nani wa kuita.

Mji ulileta mbwa mwingine. Bukavu ilipoitwa Costermansville, Ibanda, pamoja na Nyalukemba yetu, ilikuwa upande wa Wazungu, Kadutu upande wa Waafrika. Mbwa akawa mlinzi wa lango.

Vita vya 1996, 1998 na 2004 vimepita, woga wa usiku ukabaki, na parseli zimegawanywa ukuta kwa ukuta. Anabweka mpaka asubuhi, mwenyewe anajibu: “Si ndiyo kazi yake?”

Sheria ipo: dekreti ya 30 Julai 1888, kifungu 261, inasema mwenye mnyama anajibu kwa hasara, hata kama mnyama alitoroka. Kwa kelele, afadhali shefu wa avenyu. Kutupa nyama ya sumu ni ubaya mtupu, mtoto ataiokota. Na mtu akiumwa, hakuna kungoja kikao: kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali, chanjo ya kichaa. Bili ni ya mwenye mbwa.