Mizani ya Akili

Mwaka 1934 daktari mmoja wa Nairobi, F. W. Vint, alichapisha makala juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alikuwa amepima bongo za wafu kwa mizani na kuzitazama kwa darubini, akasema kuwa zilikuwa pungufu zikilinganishwa na za Wazungu. Mwenziwe, H. L. Gordon, aliyetibu wagonjwa wa akili huko Mathari, alishikilia habari hizo kwa nguvu, hata akatia shaka kama elimu ya Kizungu ilimfaa Mwafrika. Hayo hayakuwa mabishano ya wataalamu peke yao, msomaji. Yalihusu mlango wa shule, na nani afunguliwe.

Sasa natuondoke Nairobi, tupande milima ya Kisii. Siku zile zile walikuwako huku wapasuaji walioitwa ababari. Mtu akipigwa rungu la kichwa, fuvu likapasuka au maumivu yakakataa kwisha, omobari aliikata ngozi, akaukwangua mfupa polepole na kuviondoa vipande vilivyovunjika, huku akijihadhari asiutoboe utando unaoufunika ubongo. Wagonjwa wengi walipona wakaishi miaka mingi. Edward Margetts, daktari ambaye naye alifanya kazi Mathari katika miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo akachapisha habari zake mwaka 1967. Ufundi huo ulifundishwa kwa kutazama na kusaidia, si kwa kitabu. Basi ubongo uliodharauliwa juu ya mizani ya Nairobi ndio uliokuwa ukiongoza mkono wa omobari.

Kipimo cha karatasi kilikuwa na adabu kuliko mizani, lakini nacho kilikuwa na matata yake. R. A. C. Oliver alitunga mtihani wa akili kwa Waafrika, ukachapishwa mwaka 1932. Ni haki kumsifu kwa jambo moja: hakukubali kuwa tofauti ya alama ni ushahidi wa tofauti ya kuzaliwa, maana watoto waliolinganishwa hawakupata malezi wala masomo yaliyo sawa. Sauti yake haikusikika sana kama ya Gordon. Ndivyo ilivyo mara nyingi kwa watu waangalifu.

Ushahidi mzuri zaidi ulipatikana hapa hapa kwetu. Mwaka 1971 Sara Nerlove, pamoja na Ruth na Robert Munroe, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa Kigusii waliopewa vibao wavipange kwa kuiga mfano, na maumbo wayachore. Waliozoea kutembea mbali na nyumbani walielekea kufanya vizuri zaidi. Nani hutembea mbali? Zamani hizo mvulana alifuata ng'ombe malishoni, akajifunza njia, mabonde na mikato. Dada yake alibaki karibu na nyumba akimlea mdogo wao. Je, msichana yule alizaliwa na akili haba, au alikuwa na mtoto mgongoni? Hakuna kibao kilichompima jinsi alivyombembeleza mtoto anayelia huku akiangalia chungu motoni.

Kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wajaluo, Robert Sternberg na wenzake waliwauliza watoto 85 habari za miti shamba, nao wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati. Yamkini mwitu na darasa vilikuwa viking'ang'ania saa zile zile za mtoto mmoja.

Mimi hufundisha walimu. Mmoja wa wanafunzi wangu, akiwa katika mazoezi ya kufundisha upande wa Nyamira, aliwaonyesha watoto picha ya jiko akawauliza ni kitu gani kinachokosekana. Kitabu kilitaka bomba la maji. Mtoto mmoja aliandika: moto. Kijana wangu aliniletea karatasi ile akiuliza kama aandike kosa. Niliitazama picha kwa muda. Kweli, moto haukuwamo.