Posho: nani anaamua maskini anunue nini?

UZI. Kila wakati pesa za wazee au msaada wa njaa zikitangazwa, hapa mtandaoni swali ni lile lile: "Tutajuaje hawataenda kunywa?" Kuna wanaotaka vocha ya kununua unga, maharagwe na mafuta, basi. Kuna wanaosema mpe mtu pesa, anajua shida zake. Leo sitaji chama wala mwanasiasa. Nataka turudi nyuma, kwa sababu huu ubishi Nairobi imekuwa nao zaidi ya miaka 100, na neno lake tunalitamka kila siku.

Neno lenyewe ni posho.

Hapa Kenya posho ni unga unaosagwa kwa mashine pale mtaani. Ukivuka Uganda, posho ni ugali ulio kwa sahani. Ukienda Tanzania, posho ni pesa, zile wabunge wanalipwa kwa kuketi kikaoni. Neno moja, na ndani yake mna ubishi wote: chakula, ama pesa ya chakula?

Enzi za misafara ya kutoka pwani kwenda bara, karne ya 19, posho ilikuwa haki ya mpagazi ya kula njiani. Sasa sikiliza vile walifanya. Msafara ukipita nchi kavu isiyo na vijiji, watu walipimiwa nafaka kwa kibaba. Ukifika penye vijiji na soko, mara nyingi walipewa kitambaa au shanga, kila mtu akajinunulia anachotaka kula. Penye soko, mpe mtu cha kununulia. Pasipo soko, mpe chakula chenyewe. Wapagazi na wakuu wa misafara walilijua hilo kabla hata reli haijafika Nairobi.

Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia, na hapo uchaguzi ukaondolewa. Kariokor, hapo karibu na katikati ya jiji, jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa, wengi kwa nguvu, kubebea jeshi la Waingereza mizigo kati ya 1914 na 1918. Chakula chao kiliamuliwa ofisini: unga wa mahindi. Wengi walitoka kwa watu wanaokula ndizi, mtama au wimbi. Unga ulisagwa vibaya, na mara nyingi uliliwa haujaiva kwa sababu hakukuwa na muda wala sufuria za kutosha. Matumbo yakaharibika. Hesabu rasmi yenyewe inataja wafu zaidi ya 40,000, na wengi waliuawa na magonjwa, si risasi. Ukipita Kenyatta Avenue angalia zile sanamu tatu za shaba. Mmoja wao ni mpagazi.

Sisemi vocha ya unga inaua. Nasema kile mtu wa ofisini anaona ni chakula cha kutosha, na kile tumbo la mlaji linahitaji, vinaweza kuwa mbali sana.

Baada ya vita, posho ikawa sehemu ya mshahara. Waajiri wengi wa kikoloni walipenda kulipa kiasi fulani kwa unga, na hoja yao ungedhani imeandikwa jana hapa kwa X: Mwafrika akipewa pesa zote atazimaliza, tumlinde asijiharibu. Cha kuchekesha ni kwamba busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Anayetaka kunywa hakuzuiwa na posho. Ilimpa malighafi.

Tuje karibu. Kwa miongo mingi baada ya uhuru msaada wa njaa ulikuwa magunia. Watu wazima wanakumbuka mahindi ya njano ya 1984. Kilichobadilisha mambo ni M-Pesa, 2007. Mwaka uliofuata, baada ya ghasia za uchaguzi, pesa za msaada zikatumwa kwa simu Kerio Valley. Kufikia 2009 familia za Mukuru na Korogocho zilikuwa zinapokea shilingi 1,500 kwa mwezi kwa simu kutoka kwa mashirika ya misaada. Hakuna aliyewafuata dukani.

Lakini masharti hayakufa. Kambi ya Kakuma ilianzishiwa Bamba Chakula mwaka 2015. Pesa ziliingia kwa laini ya simu, ila hukuweza kuzitoa. Ulinunua chakula tu, kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Ukilinganisha na gunia ilikuwa hatua kubwa, tuseme ukweli, maana zamani wakimbizi waliuza sehemu ya mgao kwa bei ya kutupa ili wapate kuni, maziwa, ama pesa ya kusagisha hayo hayo mahindi. Lakini mtu aliyefungiwa kwa maduka machache hana nguvu ya kubishana bei, na akikopa, mwenye duka ndiye anajua pesa zinaingia lini. Mwaka 2019 kule Kalobeyei, kando tu ya Kakuma, wakaanza kupewa pesa zisizo na sharti.

Sasa lete hiyo vocha Kawangware au Kangemi. Mama anaamka na shida gani? Kodi ya nyumba. Maji ya mtungi. Makaa au mafuta ya taa. Choo cha kulipia. Pakiti mbili za unga bila makaa hazipikiki. Na chakula chenyewe hununuliwa kadogo: mafuta ya kupima, sukari kidogo, sukuma ya shilingi kadhaa kwa mama mboga ambaye hana risiti wala mashine. Vocha inataka duka lililosajiliwa. Kwa hivyo inamtoa mteja kwa kibanda na kumpeleka supamaketi, na mama mboga, ambaye pengine ana njaa kama mteja wake, anapoteza biashara. Hiyo gharama sijawahi kuona ikitajwa kwenye mdahalo wa televisheni.

Na mwenye vocha akidaiwa kodi atafanya nini? Atanunua mafuta ya kupikia, amuuzie jirani kwa hasara, alipe mwenye nyumba. Sharti halikubadilisha matumizi yake, limempunguzia pesa tu.

"Lakini watakunywa!" Haya. Huko Rarieda, Siaya, watafiti walifuatilia familia zilizotumiwa pesa bila sharti lolote, matokeo yakachapishwa 2016. Matumizi ya chakula yalipanda. Ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Na uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali umeonyesha hivyo hivyo. Walevi wapo, mtaa wako unao na wangu unao. Ila huwezi kutunga sera ya maelfu ya familia kwa sababu ya jamaa mmoja unayemjua pale kwa kona.

Wanaotaka masharti wana hoja mbili za kweli, na tusizipuuze. Kwanza, penye ukame ambapo maduka hayana kitu, pesa zinapandisha bei tu. Hapo peleka chakula. Ni somo la kibaba lile lile. Pili, kuna nyumba ambazo simu ni ya mzee na pesa hazifiki jikoni. Hilo ni tatizo, lakini dawa yake ni kutuma pesa kwa laini ya mama. Gunia la unga nalo huuzwa na mzee huyo huyo.

Mtu ataniambia Marekani wanafanya. Kweli. Stempu zao za chakula zilianza 1939 mjini Rochester, New York, na stempu za buluu zilinunua tu vyakula ambavyo wakulima walikuwa wamezalisha kupita kiasi. Yaani sharti la kwanza kabisa lililenga kumsaidia mkulima auze, si afya ya mlaji. Mpaka leo msaada huo haununui pombe wala, kwa kawaida, chakula cha moto, na majimbo kadhaa sasa yameruhusiwa kuongeza soda kwenye orodha. Kama soda ni mbaya, itoze kodi kila mtu anayeinywa, wa Lavington na wa Kawangware.

Mwisho, tukumbuke 2020. Tarehe 10 Aprili watu walikanyagana Kibera wakigombania chakula cha msaada, vitoa machozi vikarushwa, watu wakaumia. Baadaye pesa zikaanza kutumwa kwa simu: serikali shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia zilizoteuliwa, na WFP shilingi 4,000 kwa mwezi, kiasi cha nusu ya mahitaji ya chakula ya familia ya watu wanne. Hakuna aliyekanyagwa akingoja ujumbe wa simu.

Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya 2021 ilikuta kwamba kwenye ule mpango wa serikali wengi waliostahili waliachwa, na upendeleo na kujuana viliamua nani aingie kwa orodha. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na hakisemi awe anajuana na nani. Kwa hivyo wakati tunabishana kama mama wa Kangemi atanunua soda, orodha inaandikwa kwa ofisi ambayo hatujaulizia mlango wake. Mimi ningeanzia hapo: orodha ibandikwe ukutani kwa chifu, majina tuyasome.

Wiki ijayo: unga wa shilingi 90 wa 2017, na nani hasa aliupata.