Kipimajoto Kilichosubiri Nusu Karne

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, akaona ukinzani wake wa umeme umetoweka mara moja. Metali za namna hiyo, superkondakta, zina ukingo mwembamba wa joto: zikiwa hapo, joto likiongezeka chembe tu, ukinzani hupanda sana. Hicho tayari ni kipimajoto, na katika miaka ya 1940 Donald Andrews wa Johns Hopkins, Marekani, alishaanza kukitumia.

Kikakaa kando kwa takriban nusu karne. Metali iliponyimwa utulivu kidogo ilitoka ukingoni, na vikuza mawimbi vya kawaida havikuweza kusoma ukinzani mdogo kiasi kile. Tatizo la kusoma lilitatuliwa na skwidi, vipimasumaku vilivyotokana na kazi ya Brian Josephson ya mwaka 1962. La utulivu lilingoja hadi 1995, Kent Irwin alipoonyesha faida ya kushikilia volti badala ya mkondo. Joto likiingia, ukinzani hupanda na mkondo hupungua. Joto linalozalishwa na umeme wenyewe nalo hupungua, kihisi kikarudi mahali pake. Upungufu huo wa mkondo ndio kipimo. Kwangu mimi, historia nzima imebebwa na hila hii ndogo.

Wanaastronomia waliihitaji. Mnururisho wa mikrowevu uliobaki tangu uchanga wa ulimwengu, uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson, una joto la kelvini 2.7 tu, na polarizesheni yake, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi, ni hafifu zaidi. Tuwe wa haki: walioiona kwanza, kundi la DASI mwaka 2002 katika Ncha ya Kusini, walitumia vikuza mawimbi vya transista. Lakini mchoro wa kujipinda katika polarizesheni hiyo, ambao mawimbi ya uvutano ya mwanzo kabisa yangeuacha ulidai vihisi vingi zaidi.

Darubini ya BICEP2, hukohuko Ncha ya Kusini, ilipima kuanzia 2010 hadi 2012 kwa vihisi 512 vya superkondakta vya aina hii, vilivyopozwa hadi kelvini 0.27. Machi 2014 ikatangazwa kwamba mchoro umepatikana. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa pamoja na kundi la setilaiti ya Planck ulionyesha kuwa vumbi la galaksi yetu lingeweza kueleza sehemu kubwa ya ishara ile. Wengi husimulia kisa hiki kama aibu ya chombo. Sivyo: vihisi vilipima sawasawa, ila kwa masafa mamoja tu, gigahezi 150, na masafa mamoja hayatenganishi vumbi na mbingu ya kale.

Kufikia 2021 vipimo vya darubini za BICEP na Keck vilikuwa vimebana zaidi kikomo cha nguvu ya mawimbi hayo, bila kuyaona. Simons Observatory, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,200 juu ya usawa wa bahari, ilibuniwa kuwa na vihisi vipatavyo 60,000 katika masafa sita, kuanzia gigahezi 27 hadi 280. Yale ya juu hufuatilia vumbi. Ya chini, elektroni zinazozunguka katika sumaku ya galaksi.