Wavu na Kamera katika Milima ya Rungwe

Historia ya Rungwe, kama wengi wetu tulivyofundishwa, ni historia ya watu na mambo yao makubwa: machifu wa Wanyakyusa, wamisionari wa Moravian waliofika chini ya mlima mwaka 1891, boma la Wajerumani la Tukuyu lililoitwa Neu-Langenburg, majeshi ya Waingereza yaliyoliteka boma hilo mwezi Mei 1916, kisha kahawa, chai na vyama vya ushirika. Hatuna ugomvi na historia hiyo. Lakini iko historia nyingine, ndogo kwa umbo, iliyopita kando ya hiyo kubwa bila kuandikwa katika vitabu vya shule. Nayo ni historia ya vipepeo na kerengende wa milima hii, na ya watu waliowatazama, wakawakamata, wakawapa majina, na katika siku hizi wakawapiga picha. Twapenda kuieleza hapa kwa ajili ya walimu na wanafunzi, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo taifa lolote halina budi kujiuliza: ni nani anayeweka kumbukumbu za nchi, na kumbukumbu hizo zinakaa wapi?

Tuanze na lugha. Neno kipepeo latokana na kupepea, na ndilo hilo hilo tulitumialo kwa kile chombo cha kupepea moto jikoni. Kerengende ana mambo zaidi. Kamusi za zamani za Kiswahili zampa jina hilo mdudu wa majini mwenye mabawa manne, na papo hapo zampa ndege wa jamii ya kwale. Tena Kiswahili chamwita kerengende kila mdudu wa namna hiyo, hali wapo wa aina mbili kubwa. Wa kwanza ni mnene, mwenye nguvu, atuaye akiwa ameyatandaza mabawa yake kama ndege ya abiria. Wa pili ni mwembamba kama njiti, macho yake yamekaa mbali mbali kwenye pande za kichwa, na atuapo, mara nyingi huyakunja mabawa yakalala juu ya mgongo. Katika insha hii huyo wa pili tutamwita kerengende mwembamba, mpaka wenye mamlaka ya lugha watakapotupatia neno lililo bora.

Katika nchi za Ulaya wapenzi wa wadudu hawa hutoka kutembea majira ya joto, maana wakati wa baridi kali hawaonekani. Rungwe haina majira ya namna hiyo. Ina mvua, tena mvua nyingi kuliko karibu kila mahali pengine katika Tanzania, tangu Novemba hadi Mei. Ina baridi na ukungu kuanzia Juni hadi Agosti. Kisha huja majuma ya jua, Septemba na Oktoba, kabla mawingu hayajarudi. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, hulipata juani. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda shamba atashangaa kuambiwa kwamba kwa kazi hii hana haja ya kuharakisha. Jua likishatoka vizuri, yaani saa nne asubuhi, vipepeo huonekana kando ya msitu na kwenye vichaka vya maua, na ikifika saa nane mchana, mawingu yanapoanza kukaa juu ya kilele chenye kimo cha karibu mita 2,960, wengi huwa wamekwisha jificha. Mvua inapokatika hata kwa saa moja, hutoka tena. Kwenye njia zenye matope utawakuta weupe na wa njano wamekusanyika makumi kwa makumi wakifyonza chumvi iliyomo udongoni.

Watoto wa Rungwe waliyajua hayo kabla ya mgeni yeyote kufika. Bali mgeni aliyefika na wavu, sindano na kasha ndiye aliyeandika, na sayansi huhesabu kilichoandikwa. Miongoni mwa wageni hao wa kwanza alikuwa Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, aliyezaliwa mwaka 1866 na kukaa katika koloni hili kati ya 1896 na 1900. Wakati huo Langenburg ya kwanza ilikuwa kando ya Ziwa Nyasa, kabla makao ya serikali hayajahamishiwa Tukuyu. Fülleborn alikuwa mtu wa bidii isiyo ya kawaida. Alikusanya samaki wa ziwani, ndege wa milimani, wadudu na konokono, na vyote vikapelekwa Berlin. Huko wataalamu wa makumbusho wakavipa majina, na kwa kuwa desturi ya wataalamu ni kumheshimu mkusanyaji, jina lake limebandikwa juu ya viumbe wengi wa nchi yetu. Mmoja wao ni kipepeo mkubwa wa misitu ya milimani, mweusi mwenye utepe wa rangi hafifu ya njano, aliyeelezwa na Ferdinand Karsch mwaka 1900 kwa jina la Papilio fuelleborni.

Fülleborn alikuwa pia na kamera. Mwaka 1906 alitoa kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma pamoja na kitabu cha picha alizopiga katika safari zake. Tunamtaka msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Watu, nyumba na milima aliwapiga picha akawaacha mahali pao. Wadudu hakuweza kuwapiga picha, kwa kuwa kamera za siku zile zilikuwa nzito, zikihitaji kitu kilichotulia, na kipepeo hatulii kwa amri ya mtu. Ndiyo maana ilibidi wauawe na kusafirishwa. Wavu haukuwa ukatili tu wa wageni. Ulikuwa ndicho chombo pekee kilichokuwapo.

Wakati ule ule alipita Walter Goetze, mkusanyaji wa mimea, aliyefika katika milima ya Wakinga na Rungwe akafia Langenburg mwishoni mwa mwaka 1899, akiwa kijana wa miaka 27. Baadaye alikuja Adolf Stolz wa misheni ya Moravian, aliyekaa Kyimbila, karibu na Tukuyu, mahali ambapo chai ilipandwa mwaka 1904. Stolz alikusanya mimea kwa maelfu. Msomaji asidhani kwamba tumetoka nje ya mada kwa kutaja mimea, kwani kiwavi wa kila aina ya kipepeo huchagua majani yake, na asiyejua mti hawezi kumjua kipepeo. Mkusanyo wa mimea wa Goetze na Stolz ulihifadhiwa Berlin, katika nyumba iliyosifiwa kwa usalama wake. Usiku mmoja wa Machi 1943 nyumba hiyo ilipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili ikaungua, na sehemu kubwa ya mkusanyo ikateketea. Kilichosalia ni hasa zile nakala zilizokuwa zimegawiwa kwa makumbusho ya nchi nyingine.

Twalitaja tukio hili kwa sababu hoja iliyotumiwa miaka mingi ni kwamba vitu vya Afrika viko salama zaidi vikiwa Ulaya. Hatusemi kwamba waliovipeleka walikuwa wezi. Bila wao tusingekuwa na orodha ya kuanzia, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hakupona sana katika jambo hili. Mwanafunzi wa Tukuyu atakaye kuona kielelezo cha kwanza cha kipepeo wa mlima wake hana budi kuwa na nauli ya kwenda Ulaya. Tena wale vijana waliobeba makasha, wakaonyesha njia, wakakimbiza vipepeo kwa miguu yao wenyewe, hawamo katika majina hayo ya Kilatini.

Baada ya Wajerumani walikuja wengine. Kerengende mwembamba aonekanaye kwenye vijito vingi vya Afrika ya Mashariki alikuwa amekwisha itwa Pseudagrion kersteni mwaka 1869, kwa heshima ya Otto Kersten, aliyepanda Kilimanjaro pamoja na Baron von der Decken mwaka 1862. Elliot Pinhey alitoa mwaka 1961 kitabu juu ya kerengende wa Afrika ya Mashariki, na mwaka uliofuata akamweleza kerengende mwembamba wa Usambara, Amanipodagrion gilliesi, asiyejulikana mahali pengine popote duniani. Jan Kielland wa Norway alitoa mwaka 1990 kitabu cha vipepeo wa Tanzania, chenye aina zaidi ya 1,300. Mwaka 2014 Klaas-Douwe Dijkstra na Viola Clausnitzer wakatoa kitabu cha kerengende wa kutoka Sudan hadi Zimbabwe. Ni vitabu vyema sana, na vyote ni vya Kiingereza.

Sasa tufike kwenye tukio ambalo kwa maoni yetu lilibadili mambo, ijapokuwa halikuwa la kipepeo wala kerengende. Mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe walisikia wawindaji wakimtaja nyani wa msituni aitwaye kipunji, wakamtafuta mpaka wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine walimwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Alipotangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, hakuna kipunji hata mmoja aliyeuawa ili awe kielelezo: kielelezo kilichotumika kilikuwa picha ya dume aliye hai. Wataalamu walibishana sana juu ya uhalali wa jambo hilo. Mwaka 2006, baada ya kipunji mmoja kufa katika mtego wa mkulima, uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, ikaitwa Rungwecebus, yaani nyani wa Rungwe. Basi huyu hakupewa jina la daktari wa jeshi. Alibaki na jina alilopewa na wawindaji wa kwao, na juu yake likaongezwa jina la mlima. Mwaka 2009 mlima huo ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Ikiwa picha yaweza kumtambulisha nyani, je, yaweza kumtambulisha kipepeo? Mara nyingi yaweza, si mara zote. Mfano mzuri ni Papilio dardanus. Dume wake ni wa njano hafifu mwenye mikia kwenye mabawa ya nyuma. Majike wake wengi hawana mikia, nao wamevaa rangi za vipepeo wa jamii nyingine wenye sumu, ili ndege wawaogope. Wataalamu waliwadhani kuwa vipepeo wa aina mbalimbali mpaka Roland Trimen wa Cape Town alipoonyesha mwaka 1869 kwamba ni mume na wake zake. Mwenye picha moja tu ya jike angedanganyika kama wao. Na miongoni mwa kerengende wembamba wapo wasioweza kutofautishwa ila kwa kuchunguza ncha ya mkia wa dume kwa kioo cha kukuzia. Kwa hiyo hatuwaambii wataalamu watupe nyavu zao. Tunasema kwamba kazi ya kujua ni nani yuko wapi na mwezi gani, ambayo ndiyo kazi kubwa zaidi, sasa yaweza kufanywa na darasa la kidato cha pili lenye simu moja ya mkononi.

Mpigaji asimamie upande ambao kivuli chake hakimwangukii mdudu, asogee polepole akiwa ameinama, na apige picha ya kwanza angali mbali, kwa kuwa huenda ya pili isipatikane. Kipepeo ahitaji picha mbili, ya mabawa yaliyofumbuliwa na ya mabawa yaliyofumbwa, maana upande wa chini aghalabu ndio wenye alama za kumtambulisha. Kerengende mwembamba apigwe kutoka ubavuni. Pale penye vijito vyenye mawe na kivuli, kama vile vishukavyo kuingia mto Kiwira na mto Mbaka, mwenye subira aweza kumwona Platycypha caligata, dume mwenye tumbo la buluu na miguu iliyopanuka, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine, akiitikisa miguu hiyo mbele ya jike kama mchezaji ngoma. Tumewaona watu wazima wakisahau safari yao kwa ajili yake.

Mdudu huyo ana maana nyingine. Watoto wake huishi majini kabla ya kuota mabawa, wakiwinda wadudu wadogo zaidi. Kijito kikichafuliwa, au miti ya kando yake ikikatwa jua likakipiga mchana kutwa, wale wapendao kivuli hutoweka, na mahali pao huja wachache wa maji ya wazi wapatikanao kila mahali. Katika Rungwe mabonde mengi yamekwisha badilika kwa mashamba ya chai, viazi na miti ya kupandwa. Ni kerengende gani waliokuwa katika kila bonde kabla ya hapo? Kasha la Berlin halitujibu, kwa kuwa mkusanyaji alipita mara moja akaenda zake. Angejibu mtu akaaye hapo, arudiaye kijito kile kile mwaka baada ya mwaka.

Kila picha basi iandikwe tarehe, saa, jina la kijiji na la kijito, hali ya hewa, na mti au ua ambalo mdudu alikuwa juu yake. Kiwavi akikutwa kwenye mlimao wa nyumbani, kwanza akifanana na kinyesi cha ndege, baadaye kijani, na akiguswa akatoa pembe mbili laini zenye harufu kali, asiuawe kwa haraka. Huyo ni mtoto wa Papilio demodocus, na darasa laweza kumlea kwa majani ya mlimao hadi atoke kipepeo. Wazee waulizwe jina la kila mdudu kwa Kinyakyusa, na jina hilo liandikwe kabla ya lile la Kilatini, hata kama wazee wawili watatoa majina mawili. Daftari likae katika maktaba ya shule, na picha zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Lisikae nyumbani kwa mwalimu wa baiolojia, kwa kuwa walimu huhamishwa.