Jina, Msimbo na Mamlaka: Kutoka Mambo hadi Joomla, 2005–2011

Historia ya programu za kusimamia maudhui ya tovuti huelezwa mara nyingi kama mfululizo wa matoleo, kila moja likiboresha lililotangulia. Mtazamo huo huficha suala la msingi zaidi: nani ana mamlaka ya kuamua? Insha hii inachunguza suala hilo kupitia programu ya Joomla. Hoja yake ni kwamba mgogoro wa mamlaka ulioizaa Joomla mwaka 2005 haukupata jibu ndani ya programu yenyewe hadi mwaka 2011.

Joomla ilitokana na Mambo, programu iliyoanzishwa na kampuni ya Miro ya Australia na kutolewa kwa leseni huria ya GNU. Mwaka 2005 kampuni hiyo iliunda taasisi ya kuisimamia Mambo, lakini watayarishaji wakuu waliona kwamba muundo wa taasisi hiyo haukuipa jumuiya yao sauti ya kutosha. Tarehe 17 Agosti 2005 walitangaza kujitenga, kupitia barua ya wazi ya Andrew Eddie. Leseni iliwaruhusu kuuchukua msimbo, lakini jina la Mambo halikuwa lao. Jina jipya walilotangaza Septemba mwaka huohuo lilitokana na neno la Kiswahili “jumla”, kwa maana ya wote kwa pamoja. Tahajia yake ilifuata matamshi ya Kiingereza.

Hata hivyo, toleo la kwanza, 1.0, kimsingi lilikuwa msimbo uleule wa Mambo uliorekebishwa. Lilirithi pia ngazi zake za watumiaji: mwanachama aliyesajiliwa, mwandishi, mhariri, mchapishaji, meneja, msimamizi na msimamizi mkuu. Ngazi hizo hazikuweza kubadilishwa wala kuongezwa. Chukua mfano wa chama cha michezo kilichotaka katibu wake ahariri kurasa za ratiba pekee. Akipewa ngazi ya mhariri, angeweza kuhariri makala za wengine wote. Akinyimwa, kila marekebisho yangemsubiri mtu mwingine. Hivyo, waliokataa muundo wa mamlaka waliopangiwa na kampuni waliendelea kuzipangia jumuiya nyingine muundo usiobadilika.

Toleo la 1.6, lililotolewa Januari 2011, lilibadili hali hiyo. Msimamizi aliweza kuunda makundi kadiri alivyohitaji, kumweka mtu mmoja katika makundi kadhaa, na kutoa ruhusa hadi kiwango cha kategoria au makala moja. Ruhusa zilirithiwa kutoka kundi la juu, na katazo lililowekwa juu halikuweza kutenguliwa chini yake. Kwa mara ya kwanza katika programu hiyo, katiba ya chama ingeweza kuakisiwa kwa karibu katika mipangilio ya tovuti yake.

Mabadiliko hayo hayakuondoa kilele cha mamlaka. Msimamizi mkuu alibaki na uwezo wote, na nenosiri la hifadhidata liliendelea kuhifadhiwa katika faili moja la usanidi kwenye seva. Jumuiya inayomwachia mtu mmoja funguo hizo inaweza kuipoteza tovuti yake siku atakapoondoka, hata kama msimbo ni huria. Uhuru uliodaiwa mwaka 2005 ulihusu msimbo na uongozi wa mradi. Katika kila tovuti, ugawaji wa mamlaka ulibaki kuwa uamuzi wa jumuiya husika.