Dakika Kumi na Tano za Akron

Katika mitaa mingi ya Nairobi huhitaji ramani kupata baa. Fuata tu muziki. Lakini ukitaka kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, itabidi uulize, na ukiuliza, watu watakuangalia kwanza. Tofauti hiyo ina historia.

Zamani pombe ilikuwa na mlango na bawabu. Muratina ya Wakikuyu, kwa mfano, ilikuwa ya wazee, ya mahari na matambiko. Kijana hakujimiminia tu. Mkoloni alipoingia, akaweka bawabu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilijitwalia haki ya kuwauzia Waafrika pombe, likafungua ukumbi wa kunywea Pumwani, na faida ikaingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika hao hao. Yaani ulevi ndio uliolipia ustawi wa mtaa. Mama aliyepika pombe nyumbani alikuwa mhalifu. Baraza lilipouza, hiyo ilikuwa serikali.

Uhuru ulikuja, ila fikra zikabaki zile zile: pombe ni kazi ya polisi na ya mtoza ushuru. Sheria ya 1980 ilipiga chang'aa marufuku. Haikuisha, ilijificha tu. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, wengi wao Mukuru, na wengine wakapofuka. Sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ikaifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango. Inataja pia matibabu, lakini ukiuliza mtu yeyote mtaani anakumbuka nini, atakuambia saa za baa. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiongea na chupa. Ni mara chache tumeongea na yule anayeamka alfajiri mikono ikitetemeka, akitafuta ya kutoa lock.

Kwetu, huyo ni kakangu mkubwa. Siku moja aliniambia, "Nimechoka. Nitafutie watu." Hakusema daktari wala pasta. Alisema watu.

Ombi hilo si geni. Mwaka 1840 huko Baltimore, Marekani, walevi sita waliokaa pamoja kwenye baa waliapa kuacha, wakaanzisha chama cha Washingtonian. Silaha yao ilikuwa moja: mlevi anasimama anasimulia maisha yake, mlevi mwingine anasikiliza. Maelfu kwa maelfu walijiunga. Lakini chama kikavutwa kwenye kampeni za kupiga pombe marufuku na mabishano ya siasa, na ndani ya miaka michache kikasambaratika.

Karibu karne moja baadaye, Mei 1935, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alikuwa kwenye hoteli mjini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeanguka, na alikuwa na miezi mitano tu bila kunywa. Upande mmoja wa ukumbi, baa ilikuwa imechangamka. Upande mwingine kulikuwa na simu na orodha ya makanisa. Akachagua simu. Hakuwa anatafuta mahubiri, alitaka mlevi mwenzake wa kuongea naye kabla hajashindwa. Kesho yake akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa amelemewa na pombe. Smith alikubali dakika kumi na tano tu. Walikutana saa kumi na moja jioni, wakaachana baada ya saa tano usiku. Huko ndiko Alcoholics Anonymous ilikoanzia.

Waanzilishi hao walikuja kuweka kanuni ambazo Washingtonian hawakuwa nazo: hakuna siasa, hakuna ada, hakuna kutangaza majina kwenye vyombo vya habari. Kwa Kenya, ambako hata kanisani kuna mheshimiwa na kamera, kanuni hizo si jambo dogo. Je, inafanya kazi? Mwaka 2020, taasisi ya Cochrane ilipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Ikaona kwamba AA, hasa mtu anapoelekezwa huko na mtaalamu, inasaidia watu kukaa bila kunywa kabisa sawa na tiba nyingine zinazojulikana, au hata zaidi.

Haimfai kila mtu. Wapo wanaokwazwa na lugha yake ya Mungu, na kikundi si hospitali. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa, kwa hivyo daktari aje kwanza. Kakangu alianzia hapo.

Kisha nikapiga 1192, namba ya bure ya NACADA, na nikauliza kwenye makanisa, kwa sababu mikutano mingi hufanyika kwenye kumbi zao hata kama si ibada. Nilichopata ni chumba chenye viti vya plastiki na thermos ya chai. Hakuna aliyeuliza jina la ukoo. Mimi nilisubiri nje kwa sababu mkutano ule ulikuwa wa wenyewe tu.

Nilidhani atatoka baada ya dakika kumi na tano. Nilingoja saa moja na nusu, na alipotoka alikuwa bado anaongea na mtu.